Kuunda kronografu ya zamani kwa vipuri

Kuunda kronografu ya zamani kwa vipuri ni kazi ya kutengeneza saa ya mkono ya kimakanika yenye kipima muda kwa kukusanya sehemu zake kutoka mahali mbalimbali: mashine kutoka saa moja mbovu, kasha kutoka nyingine, uso na mishale kutoka akiba ya fundi aliyefunga duka. Hufanywa na mafundi saa na pia na watu wa kawaida wapendao saa, hasa kwa mashine zilizotengenezwa nchini Uswisi kati ya miaka ya 1930 na miaka ya 1970. Saa inayopatikana inaweza kupima muda vizuri kama ile iliyotoka kiwandani. Swali gumu ni jina inalostahili kuitwa, na swali hilo limewahi kugharimu mamilioni ya faranga.

Kronografu

Kronografu ni saa ya kawaida iliyoongezewa mtambo wa kuanzisha, kusimamisha na kurudisha sifuri mshale wa sekunde bila kusimamisha saa yenyewe. Jina linatokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "wakati" na "kuandika". Lilifaa hasa kwa chombo cha Mfaransa Nicolas Rieussec, ambacho mwaka 1821 kilipima mbio za farasi mjini Paris kwa kudondosha tone la wino juu ya uso wake. Kronografu zilizofuata haziandiki chochote, lakini jina limebaki.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1844, Adolphe Nicole alipopata hataza ya kipande cha chuma chenye umbo la moyo. Kipande hicho hufungwa kwenye ekseli ya mshale. Nyundo ndogo ikikigonga ubavuni, moyo huzunguka mpaka sehemu yake iliyo karibu zaidi na kitovu ikae chini ya nyundo, popote mshale ulipokuwa umesimama. Hadi leo mshale wa kronografu nyingi hurudi sifuri kwa njia hiyo. Vitufe viwili, kimoja juu na kimoja chini ya kifundo cha kutilia ufunguo, vilianza kutumika mwaka 1934 katika saa za Breitling.

Kwa nini vipuri huoana

Kazi hii inawezekana kwa sababu ya namna sekta ya saa ilivyokuwa nchini Uswisi. Kampuni nyingi zilizoandika jina lake kwenye uso wa saa hazikutengeneza mashine ya kronografu. Zilinunua mashine ghafi kutoka viwanda vichache: Valjoux katika bonde la Vallée de Joux, Venus mjini Moutier, Landeron katika kijiji chenye jina hilohilo, na Lemania huko L'Orient. Kampuni iliimalizia mashine, ikaweka uso na mishale yake, ikaitia katika kasha lililonunuliwa kwa mtengenezaji mwingine tena.

Mfano mzuri ni kaliba Valjoux 72 ya mwaka 1938. Ina kipenyo cha milimita 29.5, na viduara vitatu vya kuhesabia: dakika 30 upande wa saa 3 ya uso, masaa 12 upande wa 6, na sekunde za kawaida upande wa 9. Mashine hiyo ilikuwamo ndani ya Heuer Carrera ya mwaka 1963, ndani ya Rolex Daytona ya mwaka huohuo ikiwa imefanyiwa marekebisho, na pia ndani ya saa za Wakmann na Gallet ambazo watu wengi hawajazisikia. Kwa hiyo gurudumu lililovunjika ndani ya saa maarufu linaweza kupatikana ndani ya saa isiyo na jina. Ndiyo sababu pia saa nyingi nzuri zisizo na jina zimechinjwa ili kuponya zenye jina.

Vipuri vilipungua ghafla baada ya tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ya Japani ilipoanza kuuza saa ya mkono inayoendeshwa kwa kioo cha kwatzi. Katika miaka ya 1970 viwanda vya Uswisi vilifungwa kimoja baada ya kingine, na mitambo yao ikauzwa kama vyuma chakavu. Mwaka 1975 wamiliki Wamarekani wa kampuni ya Zenith, mjini Le Locle, waliagiza uzalishaji wa mashine za kimakanika ukomeshwe. Fundi Charles Vermot hakutii: alificha vifaa vya kutengenezea kronografu ya El Primero katika dari ya kiwanda na kuandika kila hatua ya kazi. Miaka ya 1980 uzalishaji uliporudi, vifaa hivyo ndivyo vilivyotumika. Kaliba nyingine hazikuwa na Vermot wao, na vipuri vyake ni vile tu vilivyobaki duniani.

Kuchagua mashine

Namba ya kaliba hugongwa kwenye bamba kuu, mara nyingi chini ya gurudumu la mizani. Hiyo ndiyo namba ya kutafutia vipuri, si jina lililo usoni.

Kronografu za wakati huo ni za aina mbili. Katika aina ya kwanza, kama Valjoux 72, amri zote hutoka kwenye gurudumu la nguzo: kigurudumu chenye nguzo ndogo zilizosimama wima, ambapo ncha za nyenzo huangukia kati ya nguzo au hupanda juu yake. Kitufe hubonyezeka kwa ulaini, lakini gurudumu hilo ni ghali na nguzo iliyolika haitengenezeki. Katika aina ya pili gurudumu hilo limebadilishwa na bamba lenye mabonde na vilima. Landeron 48, iliyoanza mwaka 1937, na Valjoux 7733 ya mwaka 1969 ni za aina hii. Zilitengenezwa kwa wingi, kwa hiyo anayejifunza huanza nazo. Landeron 48 ina tabia yake: kitufe cha juu huanzisha tu, na cha chini husimamisha kisha hurudisha sifuri. Wasiojua hudhani imeharibika.

Anayenunua hushauriwa kutafuta mashine mbili mbovu za kaliba moja badala ya moja nzima, maana mara chache huwa zimeharibika mahali pamoja. Kutu ni adui mkubwa kuliko kipande kilichopotea. Kipande hununuliwa, lakini ekseli iliyoliwa na kutu huharibu pia tundu la yakuti inamozunguka.

Kaliba kufanana kwa sura hakutoshi. Valjoux 7733 ina kipenyo cha milimita 31, hivyo haiingii katika kasha la Valjoux 72. Hata pale mashine inapoingia, vitufe vya kasha lazima viguse ncha za nyenzo kwa kimo sawasawa. Uso una vijiguu viwili kwa nyuma vinavyoingia katika matundu ya bamba kuu, na matundu hayo hutofautiana toka kaliba hadi kaliba. Kukata vijiguu na kuubandika uso kwa gundi ni jambo linaloonekana mara nyingi, na ni dalili ya kwanza kwamba uso ulizaliwa kwingine.

Gurudumu la mizani na kamani yake nyembamba kama unywele hununuliwa pamoja. Valjoux 72 hupiga mapigo 18,000 kwa saa. Ikiwekewa mizani ya mapigo 21,600, itakimbia kwa dakika 12 kila saa, na hakuna urekebishaji utakaoifikisha.

Kuunganisha

Mafundi huunganisha saa kwanza na kronografu baadaye. Baada ya kusafisha kila kipande, mashine ya chini hurudishiwa kamani kuu, magurudumu na mizani, hutiwa mafuta, na kupimwa kwa chombo kinachosikiliza mapigo. Chombo hicho huonyesha kama saa inakimbia au kuchelewa, na mizani inabembea nyuzi ngapi. Mashine iliyojazwa kabisa na kulazwa chali ikionyesha nyuzi 270 hivi, iko vizuri. Ikiwa dhaifu, haifai kuendelea, kwa kuwa kronografu itakula nguvu zaidi na kosa litatafutwa mahali pasipo.

Juu ya mashine hiyo hupangwa tabaka la pili. Gurudumu la sekunde lina ekseli ndefu iliyotokeza juu ya daraja, na kwenye ncha yake hufungwa gurudumu la kuendeshea lenye meno madogo mno. Kando yake kuna wenzo wa klachi wenye gurudumu lake. Kitufe kikibonyezwa, wenzo huo husogea pembeni na kuunganisha gurudumu la kuendeshea na lile la katikati lenye mshale mrefu. Breki huachia, na mshale unaanza kwenda.

Ugumu wote wa kazi hii umo katika kina cha meno kuingiana. Yakiingiana sana, mizani hupoteza nguvu na saa yaweza kusimama kila kronografu inapoanzishwa. Yakiingiana kidogo, meno huteleza na mshale huruka. Kina hicho hupangwa kwa skrubu pogo, yaani skrubu ambazo kitovu chake hakiko katikati: zikizungushwa kidogo husogeza wenzo mbele au nyuma kwa sehemu ndogo za milimita. Mwanafunzi hukutana na skrubu kadhaa za aina hiyo na hushawishika kuzigeuza zote. Kiwandani zilipangwa moja baada ya nyingine kwa vipande vya mashine ileile, hivyo kanuni ni kugeuza ile tu ambayo kosa lake limeonekana, huku alama ya mahali ilipokuwa ikiwa imechorwa kwenye karatasi. Mashine iliyokusanywa kwa vipande vya mashine tatu haina bahati hiyo. Kila kina hupangwa upya, na hapo ndipo siku nyingi huishia.

Kuruka kidogo kwa mshale wakati wa kuanza si ugonjwa. Meno yakikutana ncha kwa ncha, gurudumu la katikati lazima lisogee mbele au nyuma kabla ya kushikana. Kutetemeka kwa mshale unapokwenda hutulizwa na kamani bapa inayokandamiza gurudumu la katikati. Ikikaza mno, inageuka kuwa breki.

Kidole kimoja chembamba kilichomo kwenye gurudumu la katikati husukuma kihesabio cha dakika jino moja kila mzunguko. Nyundo nayo lazima ifike kwenye mioyo yote miwili, wa sekunde na wa dakika. Ikiugusa mmoja mapema, mwingine hautafika sifuri. Kihesabio cha masaa cha Valjoux 72 kimejificha chini ya uso na huendeshwa na pipa la kamani kuu. Kosa lake la kawaida ni kutambaa polepole hata kronografu ikiwa imesimama, na fundi hulijua baada ya kufunga kila kitu. Mwenye uzoefu hukiacha kiende usiku mzima kabla ya kurudisha uso.

Mafuta huwekwa kwa uchache. Meno ya klachi na ya magurudumu ya kronografu huachwa makavu, maana mafuta hukusanya vumbi na kugandisha mshale.

Mshale mrefu hubandikwa mwisho, nyundo ikiwa imeshikilia moyo. Kila ukirudishwa sifuri hupigwa kwa kishindo, kwa hiyo usipobana kwenye ekseli utahama, na kila mara utasimama mahali tofauti.

Hatari ya nyuso za zamani

Nyuso na mishale ya kabla ya miaka ya 1960 mara nyingi ilipakwa rangi ya radi ili ing'ae gizani. Mng'ao umekwisha kwa sababu unga uliokuwa ukiwaka umechakaa, lakini mionzi ipo: nusu ya radi hubaki hata baada ya miaka 1600. Ndani ya kasha lililofungwa hatari ni ndogo. Kukwangua rangi hiyo au kuvuta vumbi lake ni jambo jingine kabisa, na halifai kufanywa mezani nyumbani.

Thamani na udanganyifu

Wakusanyaji huita saa ya namna hii "saa ya Frankenstein", kwa kumbukumbu ya riwaya ya Mary Shelley ya mwaka 1818 kuhusu kiumbe aliyeundwa kwa viungo vya maiti. Jina hilo ni kali kupita kiasi. Vipuri vimekuwa vikihama kutoka saa hadi saa tangu mafundi saa wawepo, na mwenye kuileta saa yake kwa fundi alitaka iende tu.

Bei ndizo zilizobadili mambo. Tarehe 26 Oktoba 2017 Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman iliuzwa kwa mnada mjini New York kwa dola milioni 17.75. Mashine iliyo ndani yake ni ya ukoo wa Valjoux 72. Kilichoipandisha bei ni uso wake na historia ya mwenyewe. Tangu hapo uso wenye jina umekuwa na thamani kuliko mashine nzima, na kishawishi cha kuuhamisha kimekua.

Mnamo Novemba 2021, mjini Geneva, Omega Speedmaster ya mwaka 1957 ilinunuliwa kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Juni 2023 kampuni ilitangaza kwamba saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa vipuri, vingi vikiwa halisi vya zamani, na kwamba watu watatu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kila kipande kingeweza kupita ukaguzi kikiwa peke yake, lakini havikuwahi kukaa pamoja katika saa moja.

Kwa hiyo waundaji waaminifu huweka orodha: namba ya mashine, kasha limetoka wapi, kipi ni cha zamani na kipi kimetengenezwa upya. Wengine huchora mwaka wa kuunganishwa upande wa ndani wa mfuniko, mahali ambapo fundi yeyote atakayefungua saa ataona. Wengine hutumia uso mpya usio na jina lolote.