Upimaji wa mapema wa kifafa cha mimba katika Dodoma na nyanda za kati

Upimaji wa mapema wa kifafa cha mimba ni utaratibu wa kumtambua mjamzito aliye hatarini kupata ugonjwa huo kabla dalili hazijajitokeza, ili apewe kinga na afuatiliwe kwa karibu. Katika zahanati na vituo vya afya vya Dodoma, kama kwingineko Tanzania, kazi hiyo hufanywa kwa maswali, mashine ya presha na kijiti cha mkojo. Vipimo vya damu vinavyochunguza kondo la nyuma, pamoja na ultrasaundi ya Doppler, hutumika zaidi katika nchi tajiri na hospitali kubwa. Kwa njia yoyote ile, faida ya kupima hutegemea umri wa mimba siku mama anapofika kliniki mara ya kwanza, kwa sababu kinga iliyopo hufanya kazi vizuri ikianza kabla ya wiki ya 16.

Ugonjwa na chanzo chake

Priklampsia ni hatua inayotangulia kifafa chenyewe. Hutambuliwa baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, pale presha inapofika 140/90 au zaidi na kuambatana na protini kwenye mkojo, au na dalili kuwa figo, ini, ubongo, damu au kondo vimeathirika. Presha ya 160/110 ni ya dharura. Mama anaweza kuumwa kichwa kisichotulia, kuona maruweruwe, kusikia maumivu chini ya mbavu za kulia au kuvimba uso na mikono; anaweza pia asihisi chochote. Akianza kukakamaa na kupoteza fahamu, ugonjwa umefikia kifafa. Duniani, priklampsia hupata kati ya asilimia 2 na 8 ya mimba.

Chanzo chake kiko kwenye kondo. Katika nusu ya kwanza ya ujauzito, mishipa midogo ya mji wa mimba hupaswa kutanuka ili damu nyingi imfikie mtoto. Isipotanuka vya kutosha, kondo hukosa damu na kumwaga kwenye mwili wa mama protini iitwayo sFlt-1. Protini hiyo huinasa nyingine, PlGF, ambayo kazi yake ni kulinda mishipa ya damu. Uhusiano huo ulielezwa mwaka 2003 na kundi la watafiti wa Boston, Marekani, akiwemo S. Ananth Karumanchi. Kwa kuwa hitilafu hutangulia presha kwa wiki nyingi, upo muda wa kuigundua.

Tafiti za kitaifa za afya zilikadiria vifo vya uzazi Tanzania kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na 104 katika ule wa 2022. Kifafa cha mimba na kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo hivyo.

Hatua za upimaji

Hatua ya kwanza ni historia ya mama, ambayo mkunga huijaza kwenye kadi ya kliniki, RCH-4. Walio katika hatari kubwa ni aliyewahi kupata presha ya mimba, mwenye presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo au lupasi, na mwenye mimba ya mapacha. Hatari ya wastani humkabili mwenye mimba ya kwanza, mwenye umri mkubwa, mnene kupita kiasi, aliyekaa zaidi ya miaka 10 tangu mimba iliyopita, na ambaye mama au dada yake aliugua. Miongozo mingi humpa kinga mwenye kigezo kimoja kikubwa au viwili vya wastani. Hatua hii haihitaji maabara wala umeme.

Ya pili ni presha, na namna ya kuipima hubadili jibu. Mama aliyetembea kilomita kadhaa juani hupumzishwa kwanza kwa dakika 5. Huketi ameegemea, miguu ikiwa chini bila kukunjwa nne, mkono ukiwa usawa wa moyo, na mkanda wa mashine ukimtosha mkono. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha iliyo juu kuliko hali halisi. Kwa utabiri hutumika wastani wa presha: tofauti ya namba mbili hugawanywa kwa 3, kisha jibu hujumlishwa na namba ya chini. Presha ya 118/76 ina tofauti ya 42. Theluthi yake ni 14, hivyo wastani ni 90. Wastani ukiwa juu katika miezi mitatu ya kwanza, hatari huongezeka hata kama hakuna namba iliyofika 140/90.

Ya tatu ni mkojo. Kijiti huchovywa, kisha rangi yake hulinganishwa na chati ya kwenye kopo baada ya muda ulioelekezwa. Kipimo hiki hugundua ugonjwa ulioanza na hakitabiri ujao. Hata hivyo protini ikionekana mapema huweza kufichua tatizo la figo, ambalo lenyewe ni kigezo cha hatari.

Ya nne, kati ya wiki ya 11 na 13, ni Doppler ya mishipa ya mji wa mimba na kiwango cha PlGF katika damu. Taasisi ya Fetal Medicine Foundation ya London iliviunganisha vipimo hivi na historia pamoja na wastani wa presha katika hesabu moja. Hesabu hiyo hugundua takriban robo tatu ya wanawake watakaopata priklampsia ya kulazimu kujifungua kabla ya wiki ya 37. Kati ya kila wanawake 10 ambao hawataugua, mmoja hivi huhesabiwa kimakosa kuwa hatarini. Baadaye katika ujauzito, uwiano wa sFlt-1 na PlGF humsaidia daktari kuamua kama mwenye dalili za kutia shaka anaweza kurudi nyumbani: utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa uwiano wa 38 au chini yake karibu huondoa uwezekano wa ugonjwa kutokea ndani ya wiki moja.

Kinga baada ya kupimwa

Dawa kuu ya kinga ni aspirini ya kiwango kidogo. Katika jaribio la ASPRE, lililochapishwa 2017, wanawake waliogundulika kuwa hatarini walimeza miligramu 150 kila usiku hadi wiki ya 36. Priklampsia ya kabla ya wiki ya 37 iliwapata asilimia 1.6 yao, ikilinganishwa na asilimia 4.3 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza miligramu 75 kwa walio hatarini, zianzwe kabla ya wiki ya 20.

Kinga ya pili ni kalsiamu, kwa jamii ambazo chakula chao kina upungufu wake. Majaribio mawili yaliyofanyika India na Dar es Salaam, kila moja likiwa na wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza, yalichapishwa 2024. Katika kuzuia priklampsia, miligramu 500 kwa siku hazikuzidiwa na 1,500. Kwa bohari ya dawa na kwa mama anayebeba vidonge hivyo, tofauti hiyo ni kubwa.

Ugonjwa ukishakuwa mkali, magnesiamu salfeti hupunguza uwezekano wa kifafa kwa zaidi ya nusu, kama jaribio la Magpie lilivyothibitisha 2002. Tiba kamili ni kujifungua mtoto na kondo lake.

Mazingira ya nyanda za kati

Dodoma ni eneo kame lenye msimu mmoja wa mvua, kifuku, kuanzia Desemba hadi Aprili. Ndio msimu wa kulima mtama, uwele na karanga, na ndio wakati makorongo yanapojaa na kukata njia za vijijini Bahi, Chamwino na Mpwapwa. Mjamzito hulazimika kuchagua kati ya shamba na safari ya zahanati. Isitoshe, mimba changa haitangazwi, hivyo wengi husubiri tumbo lionekane. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulionyesha kuwa takriban robo tu ya wajawazito nchini walianza kliniki katika miezi mitatu ya kwanza. Waliobaki walichelewa kwa vipimo vya wiki ya 11 hadi 13, na baadhi yao hata kwa aspirini.

Mjini nako ukaribu wa hospitali haujatosha. Uchunguzi uliofanywa kata ya Makole, katikati ya Dodoma, na kuchapishwa 2016, ulikuta uelewa mdogo wa ugonjwa huu miongoni mwa wanawake.

Anayehitaji uangalizi zaidi hupelekwa hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015. Hospitali za makanisa za Mvumi, wilayani Chamwino, na St. Gaspar ya Itigi, mkoani Singida, huhudumia vijiji vilivyo mbali na mji. Kwa dharura upo mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa jijini Dodoma mwaka 2022. Simu ya bure namba 115 hupokelewa kwenye kituo cha mkoa, ambacho hutuma gari la wagonjwa au dereva wa kijijini aliyesajiliwa, anayelipwa kwa simu baada ya kumfikisha mama.

Matatizo mengine yanayotafutwa

Hudhurio hilohilo la kwanza hutumika kupima wingi wa damu (chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu), VVU, kaswende, malaria na kundi la damu. Ultrasaundi kabla ya wiki ya 24 huthibitisha umri wa mimba na idadi ya watoto. Kisukari cha mimba hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28 kwa kunywa gramu 75 za glukosi.

Mipaka

Jibu la hatari kubwa halimaanishi kuwa mama ataugua, na jibu zuri halimwondolei haja ya kupimwa presha kila hudhurio. Wapo wanaougua karibu na kujifungua bila kigezo chochote cha awali, na kifafa kinaweza kutokea siku kadhaa baada ya uzazi. Aliyewahi kuugua hubaki na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata presha na maradhi ya moyo maishani, kwa hiyo kumbukumbu za kadi yake zinahitajika hata baada ya mtoto kukua.