Star Trek II: The Wrath of Khan

Star Trek II: The Wrath of Khan, jina linaloweza kufasiriwa kuwa "Ghadhabu ya Khan", ni filamu ya Marekani iliyoongozwa na Nicholas Meyer na kuanza kuoneshwa tarehe 4 Juni 1982. Filamu hii ni ya bunilizi ya kisayansi, yaani utanzu unaojenga visa vyake juu ya sayansi na teknolojia ambazo binadamu bado hajazifikia, na ni mwendelezo wa Star Trek: The Motion Picture ya mwaka 1979. Wahakiki wengi huitaja kuwa miongoni mwa mifano iliyo wazi zaidi ya mwendelezo ulioipita kwa ubora kazi iliyoutangulia. Ubora huo haukuletwa na wingi wa fedha, kwa kuwa iligharimu takriban robo tu ya gharama za filamu ya kwanza, bali uliletwa na uamuzi wa kuwarudisha wahusika katikati ya kisa na kuwakabilisha na uzee, matokeo ya maamuzi yao ya zamani na kifo.

Chimbuko

Filamu zote mbili zilitokana na tamthilia ya televisheni ya Star Trek, iliyobuniwa na Gene Roddenberry na kurushwa na kituo cha NBC kuanzia mwaka 1966 hadi 1969 katika vipindi 79. Tamthilia hiyo ilisimulia safari za chombo cha anga-za-juu kiitwacho Enterprise, kikiongozwa na Nahodha James Kirk (William Shatner), akisaidiwa na Spock (Leonard Nimoy), ambaye baba yake ni wa sayari ya Vulcan na mama yake ni binadamu, pamoja na daktari Leonard McCoy (DeForest Kelley). Miongoni mwa maafisa wa chombo hicho alikuwamo Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols; jina la mhusika huyu lilichukuliwa kutoka neno la Kiswahili "uhuru" na kubadilishwa irabu ya mwisho. Jina lake la kwanza, Nyota, ambalo pia ni la Kiswahili, lilikuja kutamkwa katika filamu ya mwaka 2009.

Filamu ya kwanza iliongozwa na Robert Wise, mwongozaji aliyekwisha kutunukiwa Oscar kwa West Side Story na The Sound of Music, na iligharimu takriban dola milioni 44. Iliwavuta watazamaji wengi na kuteuliwa kuwania tuzo tatu za Oscar, lakini ililaumiwa kwa mwendo wake wa pole, kwa kuwa sehemu kubwa ya muda wake ilitumika kuonesha fahari ya vyombo na mawingu ya angani, huku wahusika wakisimama kuyakodolea macho pasipo kutenda jambo linalofunua nafsi zao.

Utayarishaji

Kampuni ya Paramount, iliyotaka mwendelezo usio na gharama kubwa, iliikabidhi kazi hiyo kwa Harve Bennett, mtayarishaji aliyelelewa na televisheni, huku Roddenberry akibakishwa katika nafasi ya mshauri. Bennett alivitazama upya vipindi vya zamani na kuchagua kimoja cha mwaka 1967, "Space Seed", kilichomhusu Khan Noonien Singh, mtawala wa mabavu aliyezalishwa kwa ustadi wa kisayansi ili awazidi binadamu wengine kwa nguvu na akili, na ambaye Kirk alimwacha yeye na wafuasi wake katika sayari ya mbali. Ricardo Montalbán, aliyeigiza nafasi hiyo mara ya kwanza, aliirudia.

Mswada wa filamu, yaani maandishi yenye matukio na mazungumzo yanayofuatwa na waigizaji, uliandikwa mara kadhaa bila kuridhisha. Meyer, mwandishi wa riwaya ambaye kabla ya hapo alikuwa ameongoza filamu moja tu, aliyakusanya mawazo bora ya miswada yote na kuandika mpya kwa muda wa siku 12, ingawa jina lililotajwa rasmi kwa kazi hiyo ni la Jack B. Sowards. Kwa kuathiriwa na riwaya za C. S. Forester kuhusu afisa wa majini Horatio Hornblower, Meyer aliitazama Enterprise kama manowari, akawavika mabaharia wake sare nyekundu za kijeshi na kuupa uongozi wao adabu na amri za wanamaji.

Nimoy, ambaye hakuwa na hamu ya kurejea, alivutiwa na wazo kwamba Spock angekufa katika filamu hiyo. Habari hizo zilipovuja na kuzusha malalamiko ya mashabiki, watayarishaji waliweka mwanzoni mwa filamu onesho ambamo Spock anaanguka kama aliyekufa, kisha ikabainika kuwa lilikuwa zoezi la wanagenzi, na kwa njia hiyo wakaituliza hofu ya mtazamaji kabla ya kuitimiza mwishoni.

Muhtasari wa kisa

Kirk, ambaye sasa ni admirali asiye na chombo cha kuongoza, anaadhimisha siku yake ya kuzaliwa kwa majonzi. Wakati huohuo maafisa wa chombo kingine, Reliant, wanatafuta sayari isiyo na uhai kwa ajili ya majaribio ya Genesis, mtambo uwezao kuigeuza sayari kame kuwa yenye rutuba, lakini ambao ukitumiwa mahali penye viumbe huwaangamiza wote. Wanashuka kwa makosa katika sayari ambamo Khan amekwama kwa miaka 15 na kumpoteza mkewe, naye anakiteka chombo chao ili alipize kisasi. Mapambano yanamkutanisha Kirk na mwanasayansi Carol Marcus, mwenzi wake wa zamani, na mwana wao David, ambaye Kirk hakushiriki kumlea. Khan anaposhindwa anauwasha mtambo wa Genesis, na Spock anaingia katika chumba chenye mnururisho, yaani miali hatari ya nyuklia, kuirekebisha injini. Enterprise inaokoka, naye anakufa.

Maudhui

Kiini cha filamu ni zoezi la Kobayashi Maru, ambalo wanagenzi hupewa ili wapimwe watakavyokabili hali isiyo na njia ya kushinda. Inafichuliwa kuwa Kirk ndiye pekee aliyewahi kulishinda, na kwamba alifanya hivyo kwa kubadilisha programu ya kompyuta. Jambo linaloonekana mwanzoni kuwa ujanja wa kusifiwa linageuka kuwa shtaka, kwani mtu aliyelikwepa zoezi la kifo ujanani anafika uzeeni bila kujua namna ya kukipokea. Kila tukio linamrudishia Kirk deni alilodhani limefutika: adui aliyemwacha bila kumfuatilia, mwana asiyemjua, na hatimaye rafiki anayelipa kwa uhai wake. Miwani anayozawadiwa na McCoy ni ishara ya uzee anaokataa kuukiri.

Khan naye ni kielelezo cha kisasi kinachomla mwenyewe. Meyer alimjenga kwa kumfananisha na Nahodha Ahab wa riwaya ya Moby-Dick, kitabu kinachoonekana katika makazi yake, na hivyo akampa adui huyu uchungu unaoeleweka, ingawa hauhalalishi matendo yake.

Fani

Uhaba wa fedha uliilazimisha filamu kuwa na ustadi. Chumba kimoja kilichojengwa studioni kilitumika kama chumba cha uongozi cha Enterprise na cha Reliant, na baadhi ya picha zilichukuliwa kutoka filamu ya kwanza. Kirk na Khan hawakutani ana kwa ana hata mara moja, bali huonana kupitia skrini tu. Vita vya mwisho vinapiganwa ndani ya nebula, yaani wingu kubwa la gesi na vumbi angani, ambamo vyombo vinawindana kama nyambizi zisizoonana. Khan anashindwa kwa sababu anapigana kama aliye juu ya uso wa bahari, akisahau kwamba angani adui huweza kutokea juu au chini.

Onesho fupi linaloeleza kazi ya Genesis lilitengenezwa na kitengo cha kompyuta cha Lucasfilm, ambacho mwaka 1986 kiligeuka kuwa kampuni ya Pixar, nalo huhesabiwa kuwa la kwanza katika filamu ndefu kuchorwa lote kwa kompyuta. Muziki ulitungwa na James Horner, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 30.

Mapokezi na nafasi katika historia

Filamu iliingiza takriban dola milioni 14 katika mwisho wake wa juma wa kwanza, rekodi kwa wakati huo, na ingawa mapato yake yote hayakufikia ya filamu ya kwanza, udogo wa gharama uliifanya iwe na faida kubwa na kufungua njia kwa filamu zilizofuata. Spock alirudishwa hai katika Star Trek III ya mwaka 1984, iliyoongozwa na Nimoy mwenyewe. Mwaka 2024 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza The Wrath of Khan katika rejista ya taifa ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa.

Mwaka 2013 filamu ya Star Trek Into Darkness ililirudia onesho la kifo ndani ya chumba cha mnururisho, ikimweka Kirk mahali pa Spock na vijana mahali pa wazee. Ulinganisho huo unadhihirisha chanzo cha nguvu ya kazi ya Meyer: kioo cha chumba hicho kinachowatenganisha marafiki hao wawili, mkono wa mmoja upande huu na wa mwenzake upande ule, kinabeba uzito wa urafiki ambao watazamaji waliushuhudia ukikua tangu mwaka 1966, na uzito wa namna hiyo hutokana na miaka waliyoishi pamoja.