Nani Achukue Onyo?

Mwaka 1865 Bunge la Uingereza lilitunga sheria juu ya magari ya mvuke yaliyopita barabarani. Mwendo wake ukawekewa mpaka wa maili 4 kwa saa nje ya miji, na maili 2 mijini. Watumishi wa kila gari wasipungue watatu, na mmoja wao atangulie kwa miguu, yadi 60 mbele, akishika bendera nyekundu ili kuwaonya wenye farasi. Ilikatazwa kupiga filimbi. Na mwenye farasi akiinua mkono, gari lisimame papo hapo.

Aghalabu sheria hii huchekwa. Lakini aliyeitunga alimjua farasi, mnyama ambaye silaha yake ni kukimbia. Akishtuka, hatamu haimtoshi, na walio garini humo hatarini. Yapasa kukumbuka pia kwamba farasi ndiye aliyekuwa mwenyeji wa barabara. Kwa hiyo mgeni ndiye aliyechukua onyo.

Mwaka 1896 magari mepesi yaliondolewa mtangulizi huyo, ingawa amri ya kusimama kwa ishara ya mkono ilibaki. Tangu hapo motokaa zikaongezeka hata mgeni akawa mwenyeji, na onyo likahama.

Uhamisho huo waonekana wazi Marekani, ambako Wakristo wa madhehebu ya Waamish wangali wakisafiri kwa magari ya farasi. Gari lao huenda kama maili 5 hadi 8 kwa saa. Motokaa iendayo maili 55 humaliza futi 500 kwa nukta 6 tu. Katika miaka ya 1960, chuo kikuu cha jimbo la Ohio kilibuni alama ya pembetatu ya rangi ya machungwa, ibandikwe nyuma ya kila chombo cha mwendo wa polepole. Baadhi ya Waamish wa Minnesota waliikataa, wakisema rangi hiyo ya makeke na alama ya kidunia zapingana na imani yao. Walishtakiwa, na mwaka 1990 mahakama kuu ya jimbo iliamua kwamba utepe mweupe unaong'aa pamoja na taa nyekundu vyatosha.

Hukumu hiyo ilihifadhi dhamiri na uhai pamoja. Hata hivyo utepe hauna breki. Dereva asipopunguza mwendo mapema, akapita mbali bila kupiga honi, alama zote ni bure. Maana farasi wa leo hushtuka vilevile kama yule wa 1865.