Siha ya Wazee wa Kasongo na Kabambare

Mnamo Septemba 1869 Daktari Livingstone, aliyekuwa na umri wa miaka 56, aliwasili Kabambare, katika Maniema, mashariki ya Kongo ya leo, pamoja na msafara wa mfanyabiashara Muhammad bin Gharib. Na huko, baada ya safari zilizokwisha kumvusha bara zima kutoka Luanda hata Quelimane, miguu yake ilimkatalia. Miaka mitatu nyuma, akianza safari hii iliyomleta Kabambare, katika bonde la Ruvuma, alikuwa ameandika kwa bashasha kwamba mwendo wa miguu huikaza misuli na kuipeleka damu njema kichwani. Lakini tangu Julai 1870 hata Februari 1871, alikuwa hana budi kukaa Kabambare akiuguza vidonda vya miguu, akijipaka kwa unyoya malakiti (madini ya shaba) iliyosagwa kwa maji juu ya jiwe, dawa aliyoipata kwa Waarabu wa huko. Naitanguliza habari hii kwa kuwa tumezoea kuwasifu wahenga wetu kwamba walizeeka na nguvu zao kwa sababu ya taabu, kana kwamba kila taabu ni tiba.

Hebu tuiangalie taabu ya msafara. Nyangwe ilikuwa imekwisha kuwa soko kubwa kando ya Lualaba, na kuanzia miaka ya 1870 Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Pembe za ndovu zilizokusanywa Maniema zikachukuliwa Ujiji, Tabora na pwani juu ya mabega ya watu, na mzigo wa mpagazi aghalabu ulikuwa frasila mbili, takriban kilo 32. Tippu Tip mwenyewe, aliyezishika njia hizo tangu ujana wake, alifariki Unguja mwaka 1905 akikaribia miaka 70. Lakini yeye hakutwikwa pembe, wala hakuogopa kulala njaa kama mateka aliyefungwa mnyororo, ambaye mwendo ule ule ulimmaliza kabla mvi hazijamwota.

Siha ya wazee, kwa rai yangu, itafutwe mashambani na uani. Dhanis, kamanda wa majeshi ya Dola Huru ya Kongo, alipoingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, tabibu wake Hinde alistaajabia wingi wa mpunga, kahawa na mahindi, pamoja na bustani za miwa, michungwa na mikomamanga. Mpunga huo, ulioletwa na watu wa pwani, ungali chakula cha Maniema hata leo, nao una kazi nyingi kwa mwili: hupaliliwa kwa kuinama, huvunwa kwa mkono, kisha hutwangwa. Bibi anayetwanga kinuni hushika mchi kwa mikono miwili, hukaza kiuno na kuyatuliza magoti, na akichoka humpa mjukuu zamu, akaketi na ungo apepete. Halafu lipo sombe, yaani kisamvu, nalo lataka mchi vile vile. Hapo ndipo penye siri: kazi hiyo huikadiria mwenyewe, na jioni huila.

Ama kwa Waislamu, ambao Kasongo ni mojawapo ya makao yao ya kale katika Kongo, sala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sujudu mbili; basi shaibu mwenye afya huinuka kutoka chini mara nyingi kila siku bila kudhani kwamba anafanya mazoezi, na asiyeweza huruhusiwa kuketi. Ibada haikuwekwa kwa ajili ya magoti, lakini magoti hupata fungu lake.

Serikali ya Wabelgiji ilileta taabu ya namna nyingine. Reli ya Kindu hadi Kongolo, iliyomalizika mwishoni mwa 1910, iliwapunguzia watu upagazi; lakini amri ya 1917 ikawalazimisha kulima mazao yaliyoamriwa, pamba ikiwamo, kwa siku 60 kila mwaka, na huko Nyangwe pamba ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Jembe ni lile lile na jua ni lile lile, ila mkulima wa pamba alikuwa na msimamizi nyuma yake, na mavuno hayakuliwa.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lilishauri wenye miaka 65 na zaidi wajishughulishe kwa angalau dakika 150 za mwendo wa kiasi kila juma, wakaze misuli angalau siku mbili, na siku tatu wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuulinda mwili usipepesuke, ili wasianguke. Ajuza wa Kasongo anayelima na kutwanga huenda akaipita hesabu hiyo kabla ya Ijumaa. Hata hivyo vijana wengi wamevutwa na dhahabu ya Salamabila, katika Kabambare, na wazee wakaachiwa shamba lote, mzigo unaozidi kiasi. Na katika sehemu za Kabambare ambako watu wenye silaha wamekuwa wakirandaranda, wengine hawathubutu hata kulifikia shamba. Mganga atakayemwagiza mzee wa huko atembee kila asubuhi, sharti kwanza amwulize njia ipi ni salama.