Montreal 1976: Afrika Ilipofunga Virago

Mwaka 1963 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ilikuwa imepanga kufanya mkutano wake Nairobi. Kenya ilikuwa imebakiza miezi michache tu kupata uhuru, na serikali ya madaraka ilikwishashika kazi. Viongozi wake walikataa katakata kuwapa viza wajumbe wa Afrika Kusini ya makaburu. IOC ikauhamishia mkutano Baden-Baden, Ujerumani Magharibi. Hata hivyo hoja ilisafiri pamoja na wajumbe. Huko Baden-Baden, Afrika Kusini ilipewa sharti la kuachana na ubaguzi wa rangi katika michezo, na iliposhindwa kulitimiza, mwaka uliofuata ikanyimwa mwaliko wa Olimpiki ya Tokyo.

Historia ya kudai haki za binadamu viwanjani husimuliwa mara nyingi kwa picha moja: Wamarekani weusi Tommie Smith na John Carlos wakiwa wameinua ngumi zenye glavu nyeusi jukwaani kwenye Olimpiki ya Mexico, tarehe 16 Oktoba 1968. Picha hiyo inastahili heshima yote iliyopewa. Lakini miongoni mwa madai ya vuguvugu lao, lililoasisiwa na msomi Harry Edwards, lilikuwamo moja ambalo watu wamelisahau: Afrika Kusini na Rhodesia (Zimbabwe ya leo) zifungiwe milango ya Olimpiki. Dai hilo Waafrika walikuwa wamelibeba kwa miaka, na ndio waliolifikisha mwisho.

Kutoka Robben hadi Bamako

Ndani ya Afrika Kusini yenyewe, kazi hiyo iliwagharimu watu damu. Dennis Brutus, mwalimu na mshairi, aliongoza kamati ya Olimpiki isiyo ya kibaguzi iliyojulikana kama SANROC. Serikali ilimpiga marufuku kushiriki shughuli za umma. Mwaka 1963 alijaribu kutoroka nchi ili akatoe ushahidi mbele ya IOC, lakini Wareno walimkamata Msumbiji na kumkabidhi kwa polisi wa makaburu. Alipojaribu kuwaponyoka mjini Johannesburg walimpiga risasi mgongoni. Alipopona alipelekwa gereza la kisiwa cha Robben kuvunja mawe. Baadaye, akiwa uhamishoni, aliendelea kubisha hodi kwenye kila mlango wa michezo duniani.

Desemba 1966, Baraza Kuu la Michezo Afrika lilizaliwa mjini Bamako, Mali. Sasa bara lilikuwa na sauti moja. Februari 1968 IOC ilipoamua kuirudisha Afrika Kusini, nchi za Afrika zilitangaza kwamba hazitakwenda Mexico. Miezi miwili baadaye uamuzi ulibatilishwa. Mwaka 1970 Afrika Kusini ikafukuzwa kabisa katika familia ya Olimpiki. Mwaka 1972 ikawa zamu ya Rhodesia ya Ian Smith: siku chache kabla ya michezo ya Munich, wajumbe wa IOC walipiga kura 36 kwa 31 kuiondoa.

Kila mara silaha ilikuwa ile ile, tishio la kususia, na kila mara tishio lilitosha. Kwenye Olimpiki ya Montreal, mwaka 1976, halikutosha.

Pambano ambalo halikufanyika

Tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto waliandamana kupinga kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, na polisi wakawamiminia risasi. Wiki mbili baadaye timu ya raga ya New Zealand, All Blacks, ilianza ziara yake Afrika Kusini, watoto wa Soweto wakiwa ndio kwanza wamezikwa. Waziri Mkuu Robert Muldoon alikataa kuizuia. Nchi za Afrika zikaitaka IOC iiondoe New Zealand Montreal. IOC, chini ya Lord Killanin, ikajibu kwamba raga si mchezo wa Olimpiki, kwa hiyo jambo hilo haliihusu. Afrika ikafunga virago. Zaidi ya nchi 20 zilijitoa, karibu zote za bara hili. Iraq na Guyana pia zikaungana nazo. Misri, Morocco, Tunisia na Cameroon zilikuwa zimeshaanza kushindana zilipoamua kuondoka. Senegal na Ivory Coast zilibaki.

Ili kuona uzito wa uamuzi huo, turudi Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, katika fainali ya mita 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Filbert Bayi wa Tanzania, kijana wa miaka 20 kutoka Karatu, alichomoka tangu mlio wa bastola. Wakimbiaji wa masafa hayo huviziana, kila mmoja akitunza nguvu za mzunguko wa mwisho. Bayi hakumvizia mtu. Aliongoza mizunguko yote, nyuma yake wakisukumana Ben Jipcho wa Kenya na John Walker, kijana wa nyumbani aliyeshangiliwa na uwanja mzima. Walker alimkaribia katika mita za mwisho, asimpate. Bayi alimaliza kwa dakika 3 sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia, na Walker naye akawa chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi aliivunja rekodi ya dunia ya maili mjini Kingston, na miezi mitatu haikupita Walker akampokonya.

Dunia ikasubiri Montreal wamalizane. Walker alikwenda akashinda dhahabu kwa dakika 3 sekunde 39.17, muda wa polepole kwa watu wa kiwango chao. Bayi hakuwapo. Hakuwapo Mike Boit wa Kenya katika mita 800. Hakuwapo John Akii-Bua wa Uganda kutetea dhahabu yake ya Munich ya mita 400 kuruka viunzi, wala Miruts Yifter wa Ethiopia katika mbio ndefu. Miaka ya mwanariadha kuwa kwenye kilele ni michache, na wengine hawakuipata tena nafasi hiyo. Boit hakuwahi tena kukimbia Olimpiki, maana mwaka 1980 Kenya ilisusia Moscow pia. Bayi na Suleiman Nyambui walikwenda Moscow wakaleta fedha mbili, Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Nyambui katika mita 5,000. Hadi leo Tanzania haina medali nyingine za Olimpiki.

Kilichopatikana

Wapo wanaosema mgomo ule ulikuwa hasara tupu. Ushahidi unawakanusha. Juni 1977 viongozi wa Jumuiya ya Madola waliafikiana Gleneagles, Scotland, kuzuia mahusiano ya michezo na Afrika Kusini. Mwaka 1981 Springboks, timu ya raga ya Afrika Kusini, walipozuru New Zealand, maelfu ya raia wa nchi hiyo waliingia barabarani, na mjini Hamilton waandamanaji waliuvamia uwanja hadi mechi ikafutwa. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba dhidi ya ubaguzi wa rangi michezoni. Afrika Kusini ilirudi Olimpiki mwaka 1992, Barcelona, sheria kuu za ubaguzi zikiwa zimeshafutwa.

Mgomo ulipata nguvu kwa sababu nchi zilizogoma zilikuwa tayari kupoteza kitu. Hilo ndilo linalokosekana leo. Kuelekea Kombe la Dunia la 2022 nchini Qatar, madhila ya wafanyakazi wahamiaji, wakiwamo Wakenya na Waganda, yaliandikwa sana. Timu saba za Ulaya ziliahidi kwamba manahodha wao watavaa kitambaa cha kupinga ubaguzi. FIFA ilipotishia kadi ya njano, zote zikarudi nyuma.

Lakini na sisi tuna deni. Waliolipa gharama ya 1976 hawakuulizwa. Serikali ziliamua, vijana wakatii. Uamuzi ulikuwa wa haki, na bado walistahili kushirikishwa, na wanastahili kutajwa kila historia ya ukombozi inapofundishwa. Tunawafundisha watoto wetu majina ya waliobeba bunduki na waliohutubia mikutano. Vitabu vya shule viwaweke pamoja nao Bayi, Boit na Akii-Bua, na vieleze waziwazi walikosa nini ili Afrika Kusini iwe huru.