Bega la Mcheza Judo: Maumivu Kuisha Si Kupona

Mara ya tatu bega langu la kulia lilipotoka, sikuwa kwenye mkeka wa judo. Nilikuwa baharini Nyali na binamu yangu, tumeshapita pale miguu inapofika chini. Niliunyoosha mkono mbele kupiga maji, fupa likaruka mahali pake, na mkono ukafa papo hapo. Binamu yangu ndiye aliyenishika kiunoni akanivuta hadi ufuoni. Lau angekuwa mbali kidogo, makala haya yasingeandikwa.

Yale ya baharini yalianza miezi mingi nyuma, siku niliporudi kucheza kwa sababu tu bega halikuwa likiuma tena. Hilo ndilo kosa ninalotaka kijana wa mieleka, judo au jiu-jitsu asilifanye. Mimi si daktari. Haya ni niliyoyapitia na niliyoelezwa na wataalamu walionitibu, na hayachukui nafasi ya kuonwa na daktari wako.

Bega lilivyo

Chukua chungwa uliweke juu ya kisahani cha kikombe cha kahawa. Ndivyo bega lilivyo. Kichwa cha fupa la mkono ni kikubwa, na kikombe kilichoko kwenye kombe la bega ni kidogo tena hakina kina. Kwa ajili hiyo twaweza kuuzungusha mkono kila upande kuliko kiungo kingine chochote mwilini, na kwa ajili hiyo hiyo bega hutoka kwa urahisi kuliko viungo vingine vikubwa.

Kinacholizuia chungwa lisianguke ni vitu vitatu: pete ya gegedu inayozunguka ukingo wa kikombe, kano zilizo mbele na nyuma yake, na misuli minne midogo inayokishika kichwa cha fupa kama vidole. Bega likitoka, mara nyingi sana hutokea mbele, na pale mbele pete ya gegedu huchanika kutoka kwenye ukingo. Daktari Mwingereza Blundell Bankart aliandika juu ya jeraha hilo mwaka 1923, na mpaka leo madaktari huliita kwa jina lake. Mchaniko huo haurudi mahali pake kila mara, hata kama maumivu yameisha kabisa.

Kuna jeraha lingine ambalo wachezaji hulichanganya na hili. Ukitupwa ukaangukia ncha ya bega, kinachoumia mara nyingi ni pale mtulinga unapokutana na kombe la bega, na huota kinundu juu ya bega. Matibabu yake ni tofauti, na wengi hupona bila upasuaji. Kwa hiyo usichukue dawa ya mwenzio ukadhani jeraha ni moja.

Linavyoumia kwenye mkeka

Mara ya kwanza nilitupwa kwa seoi-nage, nikaona haya kuangukia mgongo. Nikatanguliza mkono chini ili nisihesabiwe pointi. Uzito wangu na wa mwenzangu ukapita juu ya mkono mmoja ulionyooka. Hiyo ni njia ya kwanza.

Njia ya pili ni mkono kuvutwa nje na nyuma huku umeinuliwa, kama mtu anayetaka kurusha jiwe. Hutokea mnapogombania kushikana, au unapong'ang'ania vazi la mwenzio ilhali ameshazunguka. Njia ya tatu ni kufuli la bega, lile ambalo wacheza judo huliita ude-garami na watu wa jiu-jitsu huliita kimura, kwa jina la Masahiko Kimura aliyemshinda Hélio Gracie kwa kufuli hilo nchini Brazil mwaka 1951. Kwenye mashindano ya judo kufuli huruhusiwa kwenye kiwiko tu, lakini ude-garami huhesabiwa humo, na bega hupokea sehemu ya mzigo. Ukishikwa, gonga mapema. Bega halina huruma na ushujaa.

Saa ya kwanza

Likitoka, mwenyewe utajua. Umbo la duara la bega hupotea, mkono hauinuki, na maumivu hayasemeki. Fanya haya:

- Acha mkono ukae ulivyo. Ufunge kifuani kwa leso mbili: moja ibebe mkono kutoka shingoni, nyingine iuzunguke mwili.
- Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20.
- Usile wala usinywe chochote mpaka daktari akuone, kwani huenda ukapewa dawa ya usingizi ili bega lirudishwe.
- Angalia vidole. Vikiwa baridi au vimepauka, au ngozi ya upande wa nje wa bega imekufa ganzi, mwambie daktari mara tu ufikapo. Kuna mshipa wa fahamu unaopita hapo ambao huumia bega linapotoka.
- Panda gari au tuktuk. Bodaboda na mashimo ya barabara zetu si safari ya bega lililotoka.

Na jambo ambalo ni zito kwangu kulisema: usivutwe. Mimi nilipelekwa kwa mzee mkandaji, mtu wa heshima, mikono yake imewapa nafuu wengi. Alilirudisha kwa mvuto mmoja na wote tukamshukuru. Lakini si yeye wala sisi tuliojua kama fupa lilikuwa na ufa, kwa sababu hakuna aliyepiga eksirei. Kuvuta bega lenye ufa kwaweza kuuvunja kabisa. Hospitali hupiga picha kabla ya kulirudisha, na hupiga tena baada yake. Wazee wetu wa kukanda nawaheshimu, na shingo iliyokazana nawapelekea mpaka leo. Bega lililotoka ni la hospitali.

Maswali ya kumuuliza daktari

Bega limerudi, umepewa dawa za maumivu na kitambaa cha kubebea mkono. Usiondoke hapo. Uliza: je, pana fupa lililomeguka? Je, nahitaji kipimo cha MRI kuangalia pete ya gegedu? Nikiwa mchezaji, ni hatari kiasi gani litoke tena? Nitaanza lini kwa mtaalamu wa fizio? Na bima yangu, ikiwemo SHA, inalipia yapi na yapi nilipe mwenyewe?

Swali la tatu ndilo kubwa. Kadiri mtu alivyo kijana ndivyo bega lake linavyozoea kutoka. Tafiti nyingi za wanamichezo walio chini ya miaka 20 zimeonyesha kuwa zaidi ya nusu hutokwa tena. Kwa aliyevuka miaka 40 hatari ya kutoka tena ni ndogo, lakini huenda misuli ile minne imechanika, nayo yataka kuangaliwa.

Wiki za kwanza

Kwa kawaida mkono hubebwa kwa kitambaa wiki moja hadi tatu. Kuuficha zaidi ya hapo bila amri ya daktari huleta ukavu wa bega. Tangu siku ya kwanza chezesha vidole, kiganja na kiwiko.

Usiku ndio mgumu. Lala chali, kichwa kimeinuka kidogo, na mto mdogo chini ya kiwiko ili mkono usidondoke nyuma. Ukivaa kanzu au shati, tanguliza mkono mgonjwa. Ukivua, uwe wa mwisho.

Watu huniuliza kuhusu sala. Kuegemea mikono katika sijda ni mzigo ambao bega bichi haliuwezi, na kuinuka kwa kujisukuma ni zaidi. Nilisali juu ya kiti, nikainua mkono mzima tu wakati wa takbiri. Dini imempa mgonjwa nafasi ya kusali kwa namna awezavyo. Ukiwa na wasiwasi, muulize sheikh wako, lakini usilitie bega majaribuni kwa kuona haya mbele ya jamaa msikitini.

Wakati huo miguu haijaumia. Tembea ufuoni, piga baiskeli isiyosogea, fanya mazoezi ya mapaja. Hilo huzuia pumzi na moyo wa mchezo kupotea.

Kurudisha nguvu

Fizio wangu aligawanya kazi kwa hatua, na hakuna hatua iliyorukwa.

Kwanza, kuning'iniza: unainama, mkono mzima umeshika meza, mkono mgonjwa unaning'inia na kuzunguka polepole kama kengele. Kisha kuusukuma ukuta bila mkono kusogea, hesabu ya tano, mbele, nje na ndani.

Pili, mpira. Huna haja ya kununua ule wa dukani. Fundi baiskeli atakupa tyubu kuukuu. Ikate kipande, ifunge kwenye kitasa cha mlango. Kunja leso uibane kati ya kiwiko na mbavu, kiwiko kikiwa kimepinda, kisha vuta mkono kwenda nje na kurudi polepole. Geuka, vuta kwenda ndani. Kurudi polepole ndiyo kazi yenyewe. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo, yatosha kuanzia kuinua.

Tatu, kombe la bega. Vuta tyubu kwa mikono miwili kama mtu avutaye kamba ya ngalawa, makombe yakutane mgongoni. Mcheza judo ana kifua chenye nguvu na mgongo uliosahauliwa, na hapo ndipo bega huvutwa mbele.

Nne, kubeba uzito: kujisukuma ukutani, halafu kwenye meza, halafu sakafuni. Mkao ule wa kurusha jiwe uache mpaka fizio aseme. Maumivu kidogo yanayoisha kabla ya asubuhi ni ya kazi. Yakilala nawe mpaka kesho, umezidisha. Rudi hatua moja.

Kurudi kwenye mkeka

Hapa ndipo nilipoharibu. Wiki ya tano baada ya kuumia mara ya kwanza sikuwa na maumivu, nikavaa judogi. Mwenzangu alinishika mkono tukigombania kushikana, bega likatoka bila hata kutupwa. Sikuwa nimepima lolote. Nilikuwa nimehesabu siku tu.

Pima haya kabla ya kurudi:

- Mkono mgonjwa wafika juu, nyuma na mgongoni sawa na mzima.
- Nguvu yake ni angalau tisa kwa kumi ya mwenzake, ikipimwa na fizio.
- Ukiwekwa kwenye mkao wa kurusha jiwe, moyo haushtuki. Woga huo ni ishara kwamba bega bado halijashikwa vizuri, usiupuuze.
- Waweza kujisukuma sakafuni na kuning'inia kwenye bomba bila kuyumba.

Ukifaulu, rudi kwa ngazi. Anza kuanguka ukiwa umepiga magoti, kisha umechutama, kisha umesimama, pande zote mbili, kiganja kikipiga mkeka karibu na mwili, si mbali juu ya bega. Fuata mazoezi ya hatua za miguu na kuingia bila kutupa. Halafu kazi ya chini na mwenzio mmoja unayemwamini, mkiwa mmekubaliana kwamba mkono ule haufungwi kufuli. Randori baadaye. Mashindano mwisho. Bila upasuaji, safari hii kwa wengi huchukua miezi mitatu au minne, lakini vipimo ndivyo viamuavyo.

Upasuaji

Baada ya ile ya baharini, MRI ilionyesha pete imechanika na ukingo wa kikombe umeanza kulika. Kila bega linapotoka, fupa husagika kidogo, na kazi ya daktari huwa kubwa zaidi. Pete ikiwa imechanika lakini fupa lipo, hushonwa mahali pake, mara nyingi kwa matundu madogo. Fupa likishapungua sana, hufanywa upasuaji uliobuniwa na Mfaransa Michel Latarjet mwaka 1954, ambapo kipande cha fupa huhamishwa na kufungwa kwa skrubu mbele ya kikombe.

Mimi nilishonwa. Mkono ulibebwa wiki sita, na randori ya kwanza niliifanya mwezi wa nane. Kwa michezo ya kushikana, miezi sita ni mapema na si kuchelewa. Upasuaji pia si kinga ya milele. Mazoezi ya tyubu nayafanya mpaka leo, mara tatu kwa wiki, kabla ya kuvaa judogi.

Kwa makocha na wazazi

Kijana akiumia bega, msimuulize, "Bado yakuuma?" Atasema hapana, kwa sababu anataka kucheza. Mwambieni ainue mikono yote miwili juu, kisha aanguke mara kumi upande ule ule, mkimtazama uso. Uso utawapa jibu ambalo mdomo hauwezi kuwapa.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi niliponea bega, alhamdulillahi, na naogelea tena. Lakini simpiti binamu yangu kwenda mbele.