Kila Saa Nane, Shosho

Wacha nianze na bahasha. Ile bahasha ndogo ya karatasi unayopewa dirishani ukishalipa, dawa ndani, maandishi ya biro nje. Kama umekulia Riruta, Kawangware ama Kibera, unaijua. Kwetu Satellite zimejaa kwenye droo moja ya kabati, za mwaka huu na za mwaka juzi, kwa sababu shosho hatupi kitu.

Bahasha ninayotaka tuongelee iliandikwa hivi: Amoxicillin 500 mg, 1 x 3, 5/7. Shosho alikuwa na kifua. Aliyempa dawa alimwambia kwa heshima kabisa, "Kila saa nane, shosho, usisahau."

Na hakusahau. Siku ya nne kifua kilikuwa kilekile na tumbo limeanza kumsumbua. Siz wangu, ambaye anasomea uuguzi, akamuuliza anazikunywa vipi. Shosho akajibu akijiamini: "Vile niliambiwa. Habari ya saa saba ikiisha kwa TV nakula, ikifika saa nane nakunywa moja mara tatu."

Yaani tatu kwa mpigo. Kila siku saa nane mchana, kapsuli tatu pamoja, na chai.

Kabla ucheke, rudia kusoma hiyo bahasha ukijifanya hujui chochote. Moja mara tatu ni ngapi? Ni tatu. Kila saa nane ni lini? Ni saa nane. Shosho alifuata maagizo neno kwa neno. Nilikasirika kwanza, halafu nikataka kujua: hii lugha ilitoka wapi, na ilitungwa ili nani aelewe?

Siz alinifungulia daftari lake. Kuna kurasa mbili nzima za vifupisho ambavyo lazima akariri. OD ni mara moja kwa siku. BD mara mbili. TDS mara tatu. QID mara nne. PRN ni ukihitaji tu. STAT ni sasa hivi. Nilidhani ni Kiingereza. Kumbe ni Kilatini! BD ni bis die, TDS ni ter die sumendum, yaani "ya kunywewa mara tatu kwa siku". STAT ni statim. Hata ile alama ya Rx unayoona kwenye mabango ya kemisti ni neno recipe, ambalo kwa Kilatini ni amri: chukua!

Kwa karne nyingi vyuo vya udaktari vya Ulaya vilifundisha kwa Kilatini. Daktari aliandika Kilatini, mchanganya dawa akasoma Kilatini, na mgonjwa akakunywa. Ilikuwa na faida zake, maana daktari wa nchi moja aliweza kusomwa na mchanganya dawa wa nchi nyingine. Lakini angalia nani yuko kwenye hayo mazungumzo na nani hayuko. Mgonjwa ndiye mwenye mdomo unaokunywa, ila hakuna aliyekuwa anaongea naye.

Nairobi ilianza 1899 kama kituo cha reli. Mwaka wa 1901 ikafunguliwa Native Civil Hospital, ya Waafrika, ikiwa na vitanda 40. Ndiyo hiyo baadaye ikaitwa King George VI, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Waingereza walileta vidonge pamoja na njia yao ya kuviandika. Mafunzo ya wahudumu Waafrika yalipopangwa, na chuo ambacho leo ni KMTC kinahesabu mwanzo wake 1927, vifupisho vilikuwa sehemu ya kazi. Kwa hivyo lugha ya Roma ilipita London, ikashuka Mombasa, ikapanda treni, na leo imefika kwa droo ya shosho.

Na si kwamba sisi tulikuwa hatuna maneno. Neno "dawa" ni la Kiarabu na lilifika pwani na biashara ya Bahari ya Hindi. Sirapu ya kikohozi na sharubati ya maembe ni ndugu wa damu, maana zote zinatoka kwa mzizi wa Kiarabu wa kunywa. Waarabu na Waajemi waliandika vitabu vya dawa ambavyo Ulaya yenyewe ilivitafsiri kwa Kilatini. Kanuni ya Ibn Sina, aliyefariki 1037, ilisomwa kwenye vyuo vyao kwa mamia ya miaka.

Tena neno letu lina akili. Kwa Kiswahili kuna dawa ya malaria, dawa ya mende na dawa ya panya. Neno moja linaponya na linaua. Wagiriki wa kale walikuwa vilevile: pharmakon, neno lililozaa "famasia", lilikuwa na maana ya tiba na ya sumu. Katika karne ya 16 daktari Paracelsus aliweka wazo hilo kwa njia ambayo bado inafundishwa: kinachotenganisha dawa na sumu ni kipimo. Sisi tunaita dozi. Ni mambo matatu: kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi.

Hapo kwa "mara ngapi" ndipo shosho aliumia. Mimi nilikuwa nafikiria kapsuli tatu ni kapsuli tatu, si hesabu ya siku imetimia? Siz akanieleza. Amoksilini haikai mwilini sana. Kwa mtu mwenye figo nzima, karibu nusu yake inatoka kwenye damu kila lisaa linapopita. Baada ya masaa nane imebaki kidogo sana, ndiyo maana unaongeza nyingine. Ukikunywa tatu saa nane mchana, kufikia usiku damu iko tupu, na bakteria wana usiku mzima na asubuhi yote ya kujipanga tena. Jumla iko sawa kabisa, na tiba haijafanya kazi. Wauguzi wanafundishwa mambo matano ya kuhakikisha kabla ya kutoa dawa: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, kiasi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi. Shosho alipata manne ya kwanza... sawa, matatu na nusu.

Kuna watu walinishauri, "Si angedungwa tu sindano." Hata yeye mwenyewe alikuwa ametaka hivyo. Mtaani sindano ndiyo dawa yenyewe, vidonge ni kama umefukuzwa. Hiyo imani pia ina historia. Miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliendesha kampeni za sindano dhidi ya buba, ugonjwa wa vidonda vya ngozi uliokuwa umeenea sehemu nyingi za Kenya. Dawa zenyewe zilikuwa za aseniki na bismathi, nzito na zenye hatari, lakini vidonda vilikauka mbele ya macho ya watu ndani ya siku chache. Watu walitembea mbali kufuata sindano. Baadaye ikaja penisilini, nayo ikaingia kwa sindano. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona kitu kinafanya kazi wakakiamini, na hawakuhitaji kusoma kifupisho chochote: unadungwa, unaenda nyumbani. Kidonge ndicho kinachokuachia kazi ya kuwa muuguzi wako mwenyewe, kwa hivyo ndicho kinachohitaji maneno yaliyo wazi zaidi.

Kitu kingine kilichonigusa ni TB. Zamani matibabu ya TB yalichukua mwaka mzima na zaidi, mara nyingi mwaka na nusu. Leo TB ya kawaida ni miezi sita. Moja ya tafiti kubwa zilizoonyesha kwamba miezi sita inatosha ilifanywa hapa Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Uingereza, na matokeo ya kwanza yakachapishwa 1972. Yaani wagonjwa wa huku, watu kama shosho wangu, walikubali kumeza na kudungwa kwa ratiba, wakahesabiwa, na ulimwengu ukafupishiwa dozi. Tumesaidia kuandika kitabu cha dozi, halafu bahasha yetu inaandikwa kwa kificho?

Na kama unadhani hii ni shida ya mtaa, Marekani mwaka wa 2004 shirika linalokagua hospitali zao lilitoa orodha ya vifupisho vilivyokatazwa. Herufi U ya yuniti za insulini ilikuwa ndani, kwa sababu 10U ikiandikwa haraka inasomeka 100. Pia walikataza kuandika 5.0 badala ya 5, maana nukta ikififia inakuwa 50. Hapo wanaosoma ni watu wa digrii, na bado wanakosea. OD yenyewe kwetu ni mara moja kwa siku, kwa daktari wa macho ni jicho la kulia, na kwa vijana wa mtaa ni kuzidisha dawa mpaka uzimie.

Sasa, nisije nikajifanya kwamba dawa ya kila kitu ni Kiswahili tu. Kosa la pili kwenye hadithi ya shosho lilifanywa kwa Kiswahili safi. "Kila saa nane" ni sahihi kisarufi. Inaweza kuwa kila baada ya muda wa saa nane, na inaweza kuwa kila siku ikifika saa nane. Hata ukisema "kila baada ya saa nane" bado haijajinasua. Na kichekesho ni hiki: ratiba ya kawaida ya mara tatu kwa siku ni saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku. Kwa hivyo shosho alikuwa sahihi kwa dozi moja kati ya tatu. Ongeza kwamba simu yake inasema 2:00 wakati yeye anasema saa nane. Mwandikie "8 am" uone atakunywa lini.

Hapa nitagombana na walimu wangu wa Kiswahili. Miaka yote ya shule tulikatwa alama kwa kuandika "masaa". Sahihi ni "saa", tuliambiwa, moja au mia. Sawa. Lakini mtaani tunasema "saa nane" tukimaanisha wakati, na "masaa nane" tukimaanisha muda. Hiyo tofauti ndogo mliyotukatia alama ingemsaidia shosho. Kuna siku lugha ya stage inabeba maana ambayo lugha ya darasani imeiangusha.

Msimamo wangu basi ni huu. Sisemi vifupisho vifutwe. Siz anavihitaji wodini, ambako muuguzi wa usiku anasoma alichoandika daktari wa mchana. Vibaki huko ndani kwa faili. Bahasha ni barua ya mgonjwa, na barua inaandikwa kwa lugha ya anayeipokea. Andika: moja asubuhi, moja mchana, moja usiku, siku tano. Ni maneno manane, biro haitaisha wino. Halafu mwambie akueleze yeye sasa, kwa maneno yake, atakunywa vipi. Sekunde ishirini. Wangefanya hivyo na shosho, kosa lingekufa pale dirishani.

Na wewe unayesoma hii, ukimsindikiza mzazi ama shosho, usiwe mlinzi wa foleni tu ukiwa kwa simu. Uliza mambo matano: hii ni dawa ya nini, kiasi gani kwa mara moja, saa ngapi na saa ngapi, siku ngapi, na asile au asinywe nini nayo. Ukiona vifupisho, geuza bahasha uandike upande wa pili. Hakuna mtu atakushika.

Shosho alirudishwa, akapimwa upya, akapewa dozi nyingine, na kifua kikapona. Siz alitaka kumchorea ratiba yenye jua na mwezi. Shosho akakataa, akasema yeye si mtoto wa nasari. Akachukua biro mwenyewe, akaandika juu ya ile 1 x 3 kwa mwandiko wake wa kulala: nikiamka, nikishakula mchana, nikienda kulala.

Halafu akaitia bahasha kwa droo na zile zingine.